Magazeti ya Dar es Salaam tangu 1899: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, waandishi wa habari, wanafamilia wanaotafuta habari za wazee wao, na yeyote mwenye bunda la magazeti makuukuu ndani asiyejua afanye nalo nini. Majibu mengine ni marefu kwa sababu watu hukwama hapo hapo kila siku.

Gazeti la kwanza la Dar es Salaam ni lipi?

Ni Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza 1899. Mwenye gazeti alikuwa Mjerumani, Willy von Roy, na lugha ilikuwa Kijerumani. Lilikuwa gazeti la walowezi. Likamsakama vikali Gavana Rechenberg, aliyetawala tangu 1906 hadi 1912, kwa sababu walowezi walimwona hawatetei vya kutosha. Serikali nayo ikapata mdomo wake mwingine hapa hapa mjini, Deutsch-Ostafrikanische Rundschau, 1908. Kwa hiyo ukisoma habari moja ya mwaka 1909 katika magazeti hayo mawili, usishangae kukuta miji miwili tofauti.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, enzi hiyo ya magazeti ya Kijerumani ilikwisha.

Mbona nimesoma kwamba gazeti la kwanza la Kiswahili ni Msimulizi?

Msimulizi ni la 1888, ila lilitolewa na Wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana) kule Zanzibar. Baadaye likaja Habari za Mwezi la Magila, Usambara, kisha Kiongozi la Tanga, lililotolewa na shule ya serikali ya Wajerumani. Dar es Salaam ilichelewa. Magazeti ya Kiswahili ya jiji hili yanaonekana karibu na 1910: Pwani na Bara la Waprotestanti, na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Yote mawili yalimezwa na Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kosa la kawaida sana ni kuchanganya Kiongozi la Tanga na Kiongozi la Kanisa Katoliki lililokuja miongo kadhaa baadaye. Jina moja, magazeti mawili yasiyo na undugu. Ukiona Kiongozi katika tanbihi ya mtu, tazama mwaka kabla ya kunukuu.

Baada ya Wajerumani kulitokea nini?

Dar es Salaam Times lilianza 1919 kwa Kiingereza. Katika miaka ya 1920 likabadili jina kuwa Tanganyika Times. Januari 1930 likaja Tanganyika Standard, tawi la kampuni ya East African Standard ya Nairobi. Kwa miaka 30 iliyofuata hilo ndilo lililokuwa gazeti kubwa la Kiingereza la nchi, na sauti yake ilikuwa ya serikali ya kikoloni, ya makampuni na ya wazungu wa mashamba. Wahindi wa mjini nao walikuwa na magazeti yao, Tanganyika Opinion na Tanganyika Herald, kwa Kiingereza na Kigujarati. Haya hayatafutwi sana, na ni hasara, maana habari za maduka, kodi za nyumba na leseni za biashara zimejaa humo.

Mambo Leo lilikuwa gazeti la nani, na laweza kuaminiwa?

La serikali. Lilianza Januari 1923 chini ya idara ya elimu, likatoka kila mwezi, kwa Kiswahili, na likadumu hadi baada ya uhuru. Liliamua mambo mengi ya lugha tunayoandika leo. Lilikuwa linasomwa shuleni na barazani kabla na baada ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuundwa 1930, kwa hiyo ukipanga matoleo yake kwa miaka unaona tahajia ikitulia mbele ya macho yako. Shaaban Robert alichapisha mashairi humo.

Kuhusu kuaminiwa: liamini kwa mambo fulani. Bei za mazao, barua za wasomaji kutoka wilayani, tanzia, matokeo ya shule, malumbano ya washairi, hayo ni hazina. Kwa siasa, kumbuka mhariri alikuwa mtumishi wa serikali. Mgomo wa makuli bandarini hautausoma humo kama ulivyosemwa na makuli wenyewe.

Gazeti la kwanza linalomilikiwa na Mwafrika je?

Kwa Dar es Salaam, ni Kwetu. Toleo la kwanza ni la tarehe 18 Novemba 1937, mhariri na mwenye gazeti Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, muuza duka, aliyekwisha kuanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika 1934. Lilitoka kwa shida: karatasi, fedha, mchapaji. Likaendelea kwa kusuasua hadi 1951.

Kwetu ni la kusomwa na kila anayetaka kuujua mji wa miaka ya 1930 na 1940. Linalalamikia mshahara, maji, ubaguzi, elimu. Mashado Plantan naye akatoa Zuhra, nalo lilisomwa sana mjini enzi TANU inazaliwa.

Nitafuteje habari ya tukio moja? Nipeni mfano.

Chukua mgomo wa Septemba 1947, ulioanzia bandarini Dar es Salaam na kusambaa kufuata reli hadi bara.

Kwanza andika tarehe za tukio na uongeze siku saba mbele na siku saba nyuma. Gazeti la kila siku huripoti kesho yake. La kila wiki laweza kuchelewa siku saba. La mwezi kama Mambo Leo litakuwa la Oktoba au hata Novemba. Watu wengi hufungua Mambo Leo la Septemba, hawaoni kitu, wanaandika kwamba serikali ililinyamazia jambo. Huenda ililinyamazia, lakini toleo la Septemba halithibitishi hilo, kwa kuwa lilipangwa kabla ya mgomo.

Pili, soma angalau magazeti mawili yenye wenyewe tofauti: Tanganyika Standard kwa upande wa waajiri na serikali, Kwetu kwa upande wa Waafrika wa mjini.

Tatu, tafuta maneno ya wakati ule. Hutakuta "wafanyakazi wa bandari" kila mahali, utakuta makuli. Huwezi kukuta Barabara ya Samora, utakuta Acacia Avenue, ambayo baada ya uhuru ikawa Independence Avenue kabla ya kuitwa Samora. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Mtaa wa Lumumba ulikuwa New Street. Barabara ya Nyerere ilikuwa Pugu Road.

Nne, soma kurasa za ndani. Ukurasa wa mbele wa gazeti la zamani la Kiingereza mara nyingi ulijaa habari za Ulaya. Mgomo wa hapa nyumbani waweza kuwa ukurasa wa tatu, safu ya nne, chini ya bei ya mkonge.

Habari za meli zinasomwaje?

Hapa ndipo gazeti la mji wa bandari linapokuwa na utajiri wake, na wengi huruka. Angalia orodha ya meli zinazowasili na kuondoka na matangazo ya mawakala wa meli. Humo utapata jina la meli, ilikotoka, inakokwenda, mara nyingine shehena na abiria wa daraja la kwanza. Abiria wa staha hawaandikwi majina. Ukimtafuta babu aliyesafiri kwa daraja la chini, orodha ya gazeti haitamtaja. Tafuta kumbukumbu za uhamiaji.

Jambo moja la kuzingatia: magati ya kina kirefu yalifunguliwa 1956, na aliyeyafungua ni Princess Margaret. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga ndani ya bandari na shehena ikashushwa kwa matishari. Kwa hiyo tarehe ya meli kuwasili katika gazeti la 1950 si tarehe ya mzigo kufika ghalani. Kati yake panaweza kuwa na siku nyingi za foleni, na barua za wafanyabiashara wanaolalamikia ucheleweshaji ndizo zinazoonyesha urefu wa foleni hiyo.

Saa na tarehe zinanichanganya. Kwa nini?

Kwa sababu gazeti la Kiswahili huhesabu saa kwa Kiswahili na la Kiingereza kwa Kiingereza. "Saa 2 usiku" katika gazeti la Kiswahili ni saa 8 usiku ya Kiingereza. Ukinakili bila kuangalia, mkutano wa jioni unageuka kuwa wa usiku wa manane. Mambo ya fedha pia: rupia zilitumika hadi mwanzo wa miaka ya 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, ambapo shilingi 20 ni pauni moja, na shilingi ya Tanzania ikaja 1966.

Magazeti ya harakati za uhuru ni yapi?

Sauti ya TANU lilianza 1957 na Julius Nyerere mwenyewe alikuwa mhariri. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa dhidi ya maofisa wa wilaya kwa makala iliyotoka humo, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo, na faini ikalipwa. Mwafrika, gazeti la Kiswahili lililosomwa kwa hamu, liliwapeleka wahariri wake Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh gerezani kwa uchochezi mwaka huo huo. Nyuma ya kesi hizo kuna mji mzima uliokuwa ukisoma kwa kusikiliza, nakala moja kwa watu kumi barazani, na ndiyo maana serikali iliogopa kurasa chache.

Ngurumo lilianza 1959 chini ya Randhir Thaker, likadumu hadi 1976. Lilikuwa gazeti binafsi lililoishi sana baada ya uhuru, na lugha yake ni ya mtaani kuliko ya Uhuru, gazeti la TANU. Usiandike historia ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960 bila kulifungua.

Uhuru, Nationalist, Standard na Daily News yanahusianaje?

Uhuru lilianza Desemba 1961, gazeti la TANU kwa Kiswahili. The Nationalist lilikuja 1964, la TANU kwa Kiingereza. Benjamin Mkapa, aliyekuwa rais baadaye, alilihariri. Standard (lile Tanganyika Standard la 1930), baada ya uhuru, lilikuwa mali ya kampuni ya Lonrho hadi serikali ilipolitaifisha tarehe 5 Februari 1970, na mhariri wa kwanza chini ya serikali akawa Frene Ginwala kutoka Afrika Kusini. Tarehe 26 Aprili 1972 Standard na Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News. Mzalendo ni Uhuru la Jumapili, na Sunday News ni la Jumapili la upande wa Kiingereza.

Athari yake kwa mtafutaji: majalada ya Standard yanaishia Aprili 1972 na ya Daily News yanaanzia hapo. Maktaba zingine zimeyaweka kwenye rafu mbili tofauti na mtu anadhani matoleo yamepotea. Tena ukiambiwa "halina toleo la Jumapili", uliza kwa jina la gazeti la Jumapili.

Usipite Uhuru bila kutazama katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory. Chakubanga anakuonyesha foleni, ulevi, njaa ya mshahara na mapenzi ya mjini kwa namna ambayo tahariri haikuthubutu.

Lipo pia Baraza, lililouzwa sana Dar es Salaam, ila lilichapishwa Nairobi. Ni gazeti la kusoma, si la kuhesabu kama la hapa.

Kwa nini magazeti ya miaka ya 1980 yana kurasa chache hivyo?

Karatasi ya magazeti ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwepo. Kurasa zikapungua, rangi ya wino ikafifia, matoleo yakachelewa. Mtu anayehesabu idadi ya habari kuhusu jambo fulani kwa mwaka lazima agawanye kwa idadi ya kurasa, la sivyo ataona habari zimepungua wakati kilichopungua ni karatasi.

Magazeti binafsi yalirudi lini?

Business Times lilianza 1988. Vyama vingi viliporudi 1992 mlango ukafunguka wazi: Majira, Rai, Mtanzania, Nipashe, The Guardian na mengine mengi yote ni ya miaka ya 1990. Mwananchi lilitoka 27 Mei 2000. HabariLeo la serikali likafuata Desemba 2006. Baraza la Habari Tanzania liliundwa 1995 na wanahabari wenyewe ili malalamiko yasikimbilie mahakamani moja kwa moja.

Mengi ya miaka hiyo yaliishi miezi michache tu. Hayo ndiyo yaliyo adimu kuliko ya Mjerumani, kwa sababu hakuna aliyeyatunza.

Toleo ninalolitaka halipo maktaba. Lilipotea au halikutoka?

Angalia kwanza kama gazeti lilikuwa limefungiwa. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Mwaka 2012 MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaleta leseni badala ya usajili wa zamani. Februari 2022 MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yaliruhusiwa kurudi.

Kisha angalia namba ya toleo, iliyo karibu na jina la gazeti. Kama la tarehe 10 ni namba 412 na la tarehe 12 ni namba 413, la tarehe 11 halikutoka. Kama ni 414, limepotea. Jihadhari na makosa ya mpiga chapa. Namba hurudiwa mara kwa mara, kwa hiyo linganisha matoleo matano hadi sita kabla ya kukata shauri.

Niende wapi Dar es Salaam?

Anza Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, na sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magazeti ya Zanzibar yako Kilimani, Unguja. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung limewekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Berlin, kwa hiyo huhitaji kusafiri.

Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho, penseli na daftari. Kalamu ya wino haikubaliki karibu na nyaraka, na ni haki. Mtafiti kutoka nje ya nchi aanze na kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Ulizia saa za kusoma na ada kabla ya kutoka nyumbani. Omba magazeti kwa jina kamili na miezi, miezi miwili kwa mara moja. Ukiomba mwaka mzima, mtumishi atabeba majalada mazito, na mgongo wa jalada ndio unaopasuka.

Nipige picha kwa simu, inatosha?

Inatosha kwa kusoma, haitoshi kwa kuhifadhi isipokuwa ugawanye ukurasa. Gazeti kubwa lina upana wa takriban sentimita 38 na urefu wa sentimita 58. Kamera ya pikseli milioni 12 ikipiga ukurasa wote inatoa nukta kama 175 kwa inchi, na herufi ndogo za matangazo zinakuwa ukungu. Ukipiga nusu ya juu na nusu ya chini, unapata kama 260. Kwa lile dogo la kukunja mara moja, piga ukurasa mzima.

Weka simu juu ya stendi, lenzi iwe sambamba na karatasi. Mwanga utoke pande mbili, usiwashe flashi, zima taa iliyo juu kabisa kwa sababu inaleta mng'ao. Bonyeza kwa kipima muda ili simu isitikisike. Gazeti la kurasa 8 linalotoka siku 26 kwa mwezi ni kurasa 208. Kwa sekunde 20 kila ukurasa, utamaliza kwa dakika 70 hivi, bila mapumziko.

Ita faili hapo hapo: UHURU_1972-04-26_uk01. Mwaka utangulie, mwezi, kisha siku. Vinginevyo kompyuta itapanga Aprili mbele ya Januari. Picha zilizoitwa IMG_4471 hupoteza maana ndani ya wiki moja.

Nina magazeti ya zamani nyumbani. Niyatunzeje?

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao ambamo asidi hubaki. Mwanga na joto huiharakisha, karatasi inageuka njano, kisha kahawia, kisha inavunjika kwenye mkunjo. Unyevu wa pwani unaongeza ukungu na mchwa.

Fungua kila nakala kabisa, iwe bapa. Ondoa pini na stepla kwa kibanio, kwa utaratibu, kwani kutu hula karatasi. Safisha vumbi kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Usitumie selotepu hata kidogo. Gundi yake huacha doa la kahawia na hailegei. Usiweke plastiki inayonata (laminesheni), maana haiwezi kuvuliwa tena. Mikono misafi mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, kwa sababu glavu hunasa pembe zilizochanika.

Panga nakala zisizozidi 20 katika boksi la kadibodi lisilo na asidi. Ukilikosa, tumia boksi safi na ufunike kila tabaka kwa karatasi nyeupe isiyo na wino. Weka sentimita 15 juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje. Usiweke darini, usiweke jikoni. Kila miezi 3 fungua, tazama. Kama ukungu umeanza, tenga boksi hilo, likaushe mahali penye upepo bila jua, na usilipulize vumbi kwa mdomo.

Kabla ya kumpa mchoma mishkaki au muuza maandazi bunda la marehemu baba, tazama tarehe. Gazeti dogo la 1958 au la 1994 linaweza kuwa nakala pekee iliyobaki mjini.

Naruhusiwa kuchapisha nilichopiga picha?

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hulinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Makala, mashairi, katuni na picha ni kazi za watu, kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye gazeti au mtunzi, na ukiwa na shaka uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Unaponukuu, andika jina la gazeti, mji, tarehe kamili, ukurasa na safu. "Uhuru, 1974" haimsaidii mtu yeyote kukagua ulichosema.